Pembe Mbili za Kioo

Dukani kwangu Kiborloni kioo huuzwa kwa mstatili.
Sheria ya marehemu baba: upana mara urefu, lipa;
kinachoanguka chini ya meza ni cha mwenye meza.

Akaja Ndeshukurwa, mweka hazina wa usharika,
ameshuka toka Kidia na kamba yenye mafundo,
dirisha zima limo ndani ya kamba:
upana sabini, kusimama tisini,
na juu nusu duara, kama Kibo kikiwa wazi.

Nikaandika upesi: sabini mara mia na ishirini na tano.
"Hiyo mia na ishirini na tano umeitoa wapi?"
"Tisini ya chini, thelathini na tano ya kofia."
Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga.
"Kofia haina pembe, mwanangu. Lete chaki."

Kwanza mwili: elfu sita na mia tatu.
Kisha kichwa: thelathini na tano mara yenyewe,
mara ishirini na mbili, gawa kwa saba,
kata katikati maana ni nusu tu:
elfu moja, mia tisa, ishirini na tano.
Akajumlisha. Akatoa kwenye yangu.
"Zimezidi mia tano ishirini na tano.
Hizo nani atazitazama Jumapili?"

Nikamwambia kweli. Almasi haijui sadaka.
Duara halikatwi hewani;
ili tao lipinde, pembe mbili sharti zife.
Kundaeli, mwanagenzi wangu, akaacha kupiga msasa.
Mama yule akahesabu noti, moja moja, akilowesha kidole.
"Nalipa. Lakini maiti wangu nifungie, naondoka nao."

Nikapanda Kidia kupachika. Tao likakaa,
nikapaka lakiri, nikashuka ngazi.
Ndipo nikaona, ukutani kwa sakristia,
kitundu alichokitoboa seremala:
zile pembe, mgongo kwa mgongo,
mbavu zimebonyea, ncha imechongoka.
Mawenzi.
Sikuliamini jicho, nikatoa kamba:
kitako sabini, kimo thelathini na tano.

Siku hizi risiti yangu ina mistari miwili,
ya dirisha, na ya pembe.
Wengi hawaulizi.
Nami chini ya meza
nazipanga pembe kwa jozi.