Hatua Kumi na Mbili

Malipo ya mnada wa tatu yaliingia simuni saa nne na robo,
mikono yangu ikinata utomvu wa mabibo.
Laki sita na arobaini.
Bati la jikoni linadai. Salfa ya msimu ujao inadai.
Na mimi nadai.

Newala, nyuma ya duka la pembejeo,
Nalinga amezilaza mbili juu ya gunia.
"Hii ina kioo. Hatua sitini na nne,
nyimbo mia mbili tumboni, na inaongea na simu."
Anaiwasha. Uso wake unageuka bluu.
"Na ile?"
"Ile ya zamani. Vitufe kumi na sita, taa kumi na sita.
Imetoka Dar ndani ya boksi la sabuni.
Kitufe cha tisa kinataka kubembelezwa."

Miaka miwili nimetunga kwa kompyuta ya kuazima,
chumbani kwa Nantanga, trei za mayai ukutani,
na nimechoka kuutazama muziki.
Macho yana kiherehere: yanaiona biti ikija
kama basi la Masasi linavyoonekana kwa vumbi lake,
ikifika haishtui mtu.
Nataka kitu nikishike gizani.

Nikaomba hedifoni na dakika kumi.
Swali langu lilikuwa moja:
unaweza kuishia kumi na mbili?

Ile ya kioo inaweza, haikatai.
Ila uingie ukurasa, ndani ya ukurasa kuna ukurasa,
kama kulitafuta jina la marehemu baba
katika daftari la chama cha msingi.
Nilipofika, nilikuwa nimeshasahau mdundo.

Ile ya boksi la sabuni:
bana kitufe kimoja, gusa cha kumi na mbili.
Taa nne za mwisho, zii.

Nikacheka. Nalinga akadhani nimeona kasoro,
akateremsha bei kabla sijafungua mdomo.
Hakujua chinganga hakihesabu kumi na sita.
Binamu yangu Chitanda, kabla hajanunua bodaboda,
alikuwa akikipasha kwa moto wa nyasi hadi ngozi iite,
kisha anapiga tatu nne, au nne tatu,
inategemea wewe umesimamia mguu gani.

Nikaweka ngoma kwenye kumi na mbili,
kayamba nikaiacha na kumi na sita zake.
Zikaachana mlangoni, kila moja na safari yake,
nikazipoteza, nikazipata, nikazipoteza,
hadi hatua ya arobaini na nane
zikapigana kikumbo
na mimi nikashika meza.

Sisemi ile kubwa ni mbaya.
Ingenibebea harusi nzima.
Bwana harusi akitaka singeli saa hiyohiyo,
mimi na midundo yangu minane ya kumbukumbu
tutatazamana.
Nilisimama pale hadi Nalinga akafunga nusu ya mlango.
Nikaigusa ya kioo, nikaigusa tena.
Kisha nikahesabu laki tatu na themanini,
na elfu tisa za betri, kwa sababu Luku yetu naijua.

Usiku umeme ulikatika kama kawaida yake.
Taa nyekundu zikakimbia peke yake chumbani,
moja, mbili, tatu, zikarudi.
Kitufe cha tisa kiligoma. Nikaacha pengo.

Chitanda akazima pikipiki nje, akaingia na helmeti kichwani,
akasikiliza mizunguko mingi bila neno.
"La saba limewahi," akasema.
"Linatakiwa lichelewe kidogo. Kama mtu anayekuja hataki."

Ni kweli. Nikapekua vitufe vyote, vya juu na vya pembeni.
Cha kuchelewesha hakimo.

Akavua helmeti,
akaiweka mapajani kifudifudi,
akaanza kunionyesha.