Lumbesa ya Marejeo

Dakta Mgongolwa hana maneno mengi.
Ukurasa wa arobaini na moja kaandika pembeni, wino mwekundu,
kama karani anayedai risiti:
Nani kasema?

Sentensi yenyewe fupi:
Kiazi cha mbegu huijua mvua kabla ya wingu.
Niliipenda tangu rasimu ya kwanza.
Nikaipeleka sura ya pili, nikairudisha ya nne,
na kila ilipohama ilidondosha kitu njiani:
kwanza mwaka,
kisha ukurasa,
mwisho mwenyewe.

Sasa ni Oktoba, Uyole, usiku, upepo unapiga bati.
Nafungua laptopu.
Tasnifu_mwisho.
Tasnifu_mwisho_kweli.
Tasnifu_ya_Dakta_usifute.
Na folda moja niliyoiita Mengineyo,
makala mia tatu na kumi na mbili
zimeshindiliwa kama viazi vya lumbesa:
gunia limejaa, likavishwa kilemba,
kilemba kikashonewa kamba,
na mnunuzi bado anasema ni gunia moja.
Mnunuzi ni mimi.
Mbebaji pia.

Atupele wa chumba cha pili ana programu;
anabonyeza, marejeo yanajipanga kwa alfabeti
kama watoto wa shule mstarini.
Alinifundisha mwezi wa nane. Nikasema nitaanza Jumatatu.
Yangu mimi yapo kwenye kadi,
yapo nyuma ya stakabadhi ya mbolea,
mengine niliyaandika kiganjani nikaenda kula.
Moja nililifua pamoja na suruali:
Mwa…, 2009, uk. 1…
Ukurasa wa kumi na ngapi, au wa mia na ngapi,
sabuni ndiyo inayojua.

Saa nne umeme unakatika.
Betri asilimia kumi na tisa.
Natafuta "mvua": makala sitini.
Natafuta "wingu": mbili, za hali ya hewa, hazina kiazi.
Naigeuza sentensi kwa Kiingereza, natafuta tena;
kwa Kiingereza kiazi hakijui lolote.

Basi nainama chini ya uvungu na tochi ya simu.
Daftari la uwandani, jalada limeliwa na udongo,
mwandiko wangu wa kusimama, wa haraka:
Subilaga Mwaipaja, Isyonje, 14 Julai, ghalani. Asema…

Wiki tatu nimemsaka mwandishi
kumbe ni mama aliyenipa uji
akanikataza kukalia gunia la mbegu.

Asubuhi nampigia.
"Nilisema mimi, ndiyo. Ila si langu, la mama mkwe,
Syabumi. Mwandike na yeye."
Naandika: Syabumi, kama alivyonukuliwa na Mwaipaja.
Kisha namweleza kanuni, kwa aibu kidogo:
mazungumzo hukaa ndani ya mabano, katikati ya aya,
hayaingii kwenye orodha ya mwisho.
"Kwa nini?"
Kwa sababu, mama, msomaji hawezi kukupata.
Kimya. Kuku analia upande wake wa simu.
"Hawezi? Apande gari mpaka Isyonje,
aulize kwa Mwaipaja, nyumba ya bati la bluu,
nipo. Jumapili tu ndiyo nakwenda kanisani.
Andika hivyo."

Nimeandika hivyo. Tanbihi ya kumi na saba,
pamoja na bati, pamoja na Jumapili.
Dakta atauliza huu ni mtindo gani wa kunukuu,
nami sijui nitajibu nini.

Atupele anagonga mlango: leo ni Jumatatu.
Nakuja, nasema, nakuja.
Narudisha daftari uvunguni, mkono unagusa mfuko,
viazi vitatu alivyonipa siku ile niondoke navyo.
Vimefumbua macho, meupe, marefu kama kucha.
Nachungulia dirishani, upande wa Uporoto.
Kweupe kabisa.