Rangi ya Mwaka Huu

Hasmukh afungua jora mezani:
"Haradali, mama. Mji mzima haradali.
Harusi ya Kibokoni, harusi ya Kisauni,
hata bwana harusi katuma apimiwe kilemba."

Mwaka jana ilikuwa maji ya bahari.
Mwaka juzi damu ya mzee:
tulishona sare, mashoga kumi na wawili,
tukajipanga ukumbini kama vikombe vya seti moja.

Mwaka huu rangi zimepita mlangoni kwangu
wala hazikupiga hodi.
Miezi minne na siku kumi, nyeupe.
Ya kufua, ya kuanika, ya kuvaa tena,
hata nikajua nyeupe nayo ina ukoo:
ya alfajiri si ya alasiri,
na ile ya wiki ya kwanza
ilikuwa na buluu nyingi mno, sikuipenda.

Jana nimetoka eda.
Zulfa kanishika mkono mpaka Biashara.
"Chukua haradali, mama, ing'are."
Naiweka juu ya mkono.
Mkono wakataa.

Pale chini, imekunjwa na vumbi lake,
doti ya zambarau, ile ya biringani.
Athmani akisema nikivaa rangi hii
nafanana na mtu anayeficha habari njema.

"Hiyo imepitwa," asema Hasmukh,
kisha ashusha bei bila kuombwa.
"Nami pia. Nifungie."

Nje, fundi wa kupinda auliza:
"Jina lake lasemaje?"
Sikulisoma.
"Wewe pinda," namwambia.