Siku Mia Tatu na Hamsini

Kwenye jedwali langu yumo mtoto.
Ana kilo kumi na tano, hana jina.
Kila siku humeza udongo, miligramu mia mbili,
hata ncha ya kijiko cha chai haijai,
na kila mwaka hukaa kwao siku mia tatu na hamsini.
Kumi na tano zilizobaki yuko likizo.
Aliyeitunga kanuni hii alikuwa na moyo mwema:
alimpeleka mtoto pwani.

Nimepanda Khidari na gari la maziwa, alfajiri,
na sepeto ndogo ya chuma cha pua, glavu,
chupa sitini zilizooshwa kwa asidi.
Kiwanda kimelala bondeni, paa limeingia ndani.
Hapo waliyachoma mawe ya mlima yakatoa unga mweupe,
aseniki, unga usio na harufu wala ladha,
ukapakiwa kwenye treni kwenda kaskazini.
Dola ilipovunjika, wahandisi waliondoka
na simu, na balbu, na vitasa vya milango.
Mapipa yalibaki.
Mvua ndiyo iliyoyafungua.

Bibi Mzevinari yuko langoni.
"Chimba, ila si hapo. Hapo kuna vitunguu saumu."
Nachimba penye vitunguu saumu.
Sentimita tano, kumi, thelathini,
naye kainama nyuma yangu kama anayekagua fundi.
"Kalistrate wangu yumo katika udongo huu huu.
Viganja vilimwota vinundu, vigumu kama punje za mahindi.
Wakasema ni kazi. Wakasema ni uzee.
Alikuwa na miaka hamsini na mmoja."
Naandika: kisima, mita kumi na nne kutoka kwenye tuta.
Naandika: ng'ombe mmoja.
Safu ya Kalistrate haipo.

Udongo upatize ungali maji.
Sisi tumeukuta umekauka,
umepanda upepo, umeshuka kwenye mashuka.

Shio, mjukuu, miaka minne, kakalia tuta.
Plamu mbichi inamponyoka, anaiokota,
anaipangusa kwenye suruali
(suruali ina udongo kuliko tuta)
na anakula huku akinitazama.
Mla nchi mwananchi.
Sikuwahi kuisikia methali ile kwa masikio haya.

"Ana kilo ngapi?"
Tunampima kwenye mizani ya viazi, anacheka, miguu hewani:
kumi na tatu na nusu.
Kanuni ilimtaka mzito zaidi.
Kipimo kile kile cha sumu, mwili mdogo wa kukigawia.

"Huwa mnasafiri? Hata wiki mbili?"
Bibi anacheka mpaka anashika nguzo ya lango.
"Na ng'ombe akamuliwe na nani?"

Kisha meza: maharage yenye jozi, mkate wa mahindi,
jagi la maji, baridi hadi limetoka jasho.
Hesabu ya sahani moja naijua, si kitu.
Sahani haiui. Huua kesho yake, na kesho kutwa,
na mtondo, miaka thelathini ya chakula kitamu.
Nakula. Naongezewa, nakula.
Ila maji, nasema, ninayo yangu.

Anaitazama chupa yangu ya dukani.
Anakitazama kisima.
Anamtazama Shio, mdomo wake ukingoni mwa kikombe,
na hapo, bila namba hata moja, bila maabara,
tathmini ikawa imekamilika.
Alinyoosha mkono akakichukua kikombe taratibu,
kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu
bila kumshtua.

Usiku, Kutaisi, chumba cha hoteli.
Nafuta 350. Naandika 365.
Kompyuta inaniuliza kama nina hakika.

Ndani ya begi, katikati ya chupa,
nakuta kichwa cha kitunguu saumu nisichokiweka mimi,
kimefungwa kwa uzi mwekundu, bado kina udongo mizizini.
Nakinusa.
Kisha nakibandika lebo.