Kisima cha Adiga

Karatasi imerudi kutoka maabara: mistari mitatu na muhuri.
Anguzu amenisomea mara mbili, kwa sauti ya chini,
kama anayesoma hati ya deni.
Maji haya hayafai kunywewa.
Nikamwambia, nimeyanywa miaka thelathini.
Hakujibu. Alitazama choo cha jirani, kule juu mteremkoni.

Vyumba sita, familia nne, mwanafunzi wa ufundi, na mimi.
Jioni tulikaa barazani, tukala bei badala ya chakula.
Candiru anataka bomba:
mita, mtaro wa hatua mia mbili na arobaini,
na bili inayofika hata mwezi ambao maji hayakufika.
Onzima anataka tuchimbe upya, hadi chini ya mwamba.
Alipotaja gharama, hata mbwa aliinuka akaondoka.
Tuchemshe, akasema kijana. Kwa makaa ya nani?
Na yule muuza maji wa baiskeli, jerikeni sita za njano nyuma,
siku hizi akifika langoni kwetu hupunguza mwendo
kama aliyesikia kuna msiba, na msiba una wali.

Mimi nilikuwa natazama paa.

Adiga aliliezeka mwenyewe, na kisima alikichimba mwenyewe,
kiangazi kile tuliporudi Arua kutoka Kongo.
Mimi juu navuta udongo kwa kamba,
yeye chini anaimba, nijue yu hai.
Siku aliponyamaza nilipiga yowe mtaa mzima ukaja.
Kumbe kinywa kilikuwa kimejaa maji.

Basi: tangi jeusi, lita elfu tano, kwa mkopo wa kikundi.
Mifereji ya bati kafunga Onzima, mmoja umepinda.
Desemba hadi Machi litakauka, najua,
na yule wa baiskeli anajua pia.
Kisima tumekifunika kwa zege.
Kamba nimeifungua kwenye kapi,
nimeisuuza kwa maji ya kununua, nikaanikia nguo.

Leo mawingu yametoka upande wa Kongo.
Mvua ya kwanza haikingwi, alisema Anguzu,
huosha vumbi na kinyesi cha njiwa.
Wenzangu wakakimbilia nguo kwenye kamba.
Mimi nimeshika bomba la tangi, nimeligeuzia nje,
nayaacha yapite, mekundu, yakiteremka hadi kwenye zege,
nikingoja yatakate.
Nimefumba mdomo. Nimetulia kimya.