Ratiba ya Watu Kumi na Wawili

Chuo kiko kunakoanguka theluji, mimi niko Kadutu,
na kati yetu kuna simu yenye ufa
na mega mia tano nilizonunua kwa pesa ya sabuni.
Saa sita ya usiku wao ni saa moja ya asubuhi yangu.
Kazi ifike kabla ya hapo.

Umeme umekatika tangu jana adhuhuri.
Nimeketi katika wodi ya wazazi, tochi nimeibana shingoni,
rejista ya vizazi chini ya kiwiko,
nasoma swali kwa midomo tu:

*Wodi ina vitanda ishirini.
Panga ratiba ya wauguzi wako kwa mwezi mmoja.
Zingatia mapumziko.*

Nikajibu kweli.
Vitanda kumi na sita. Wazazi ishirini na tisa,
wengine wamelala mzungu wa nne.
Wauguzi wawili: mimi, na Mama Ntakwinja
ambaye goti lake hutabiri mvua.
Mapumziko: pale mtoto anapochelewa kuja.

Jibu lilirudi baada ya siku tisa.
Arobaini kwa mia. Na chini, kwa herufi nyekundu:
*Takwimu zako haziaminiki.
Tafadhali chagua hospitali halisi.*

Nilicheka hadi mzazi wa kitanda cha sita akaamka,
akaniuliza kama amekwisha kujifungua.

Basi usiku uliofuata nikaajiri.
Kalamu haina bajeti.
Nikamrudisha Nabintu kutoka ng'ambo ya Ruzizi,
alikovuka na diploma ndani ya soksi;
nikampa asubuhi, maana hapendi giza.
Nikamwinua Nzigire sokoni, kwenye beseni lake la sambaza,
nikamvika koti jeupe, harufu ikabaki.
Nikamwita Mapendo, aliyengoja mshahara miaka saba
mpaka akasahau anachongoja.
Wengine nao wakaja, mmoja mmoja,
kama watu waliokuwa wamesimama nje muda wote.

Faida nilisita kumwandika.
Homa iliyomuua aliipokea mikononi mwa mgonjwa wake
wiki ile glovu zilipokwisha.
Nikamwandika. Mwezi mzima: likizo.

Kumi na wawili. Hakuna aliyelalamika.

Tisini na moja kwa mia.
*Hongera. Sasa unafikiri kama kiongozi.*

Ratiba nimeinakili kwa mkono, nimeibandika mlangoni kwa plasta.
Mama Ntakwinja ameisoma polepole,
kidole kikishuka jina kwa jina,
kikasimama.
«Faida yuko likizo,» akasema. «Afadhali.»
Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena,
akatazama nani wa zamu usiku huu:
Mapendo na Nzigire.

Kitanda cha kumi na moja kimeanza kuita.
Amejifunga kitambaa kichwani,
ameshika ukuta kwa ajili ya goti.
«Haya, Nzigire,» ananiambia,
«chemsha maji.»