Mwiko

Zabuni ya kwanza niliiandika kama barua ya posa:
sisi ni bora, sisi ni waaminifu, sisi ni wabobezi,
tangu enzi za baba tunauza majiko hapa Swansea.
Ikarudi na mstari mmoja: hamkuleta ushahidi.
Ya pili nikashusha bei hadi mfupa ukaonekana.
Ya tatu nikaipamba kwa picha: masufuria yanang'aa,
na Ifor, mpwa wangu, ndani ya ovaroli
yenye mikunjo ya dukani.
Jungu kuu halikosi ukoko, wanasema.
Sisi hata ukoko hatukuukwangua.

Februari halmashauri ikatangaza tena:
shule kumi na nne, oveni, mashine za kuoshea vyombo,
matengenezo ya miaka minne.
Kila jibu maneno mia tano;
la mia tano na moja halisomwi.
Swali la nne nikalibandika mlangoni pa friji:
Mtafanya nini kifaa kikiharibika wakati wa mlo?
Nililisoma mara sita ndipo nikalisikia.
Halikuuliza mimi ni nani.

Siku ya ukaguzi, mvua ya ubavu,
tulikwenda wazabuni wote shule ya mlimani.
Wenzangu wakapima ukuta, wakapima mlango, wakaondoka.
Mimi nilibaki kwa sababu basi lilikuwa limenipita.
Saa nne na dakika arobaini, Eluned, mpishi,
akachukua mwiko mrefu kama mkono wake
akaukaza kati ya mpini wa oveni na ukingo wa meza
ili mlango usifunguke.
"Kitasa kilikufa Novemba," akasema.
"Fundi alisema kesho."
Watoto mia mbili na kumi na wawili
walikuwa wanangoja pai ya samaki.
"Na kastadi unaikoroga na nini?"
Akacheka. "Na kijiko cha chai, mpenzi. Taratibu."

Usiku ule nikafuta.
Bora, nikalifuta. Waaminifu, nikalifuta.
Wabobezi nililipenda; nikalilaza hadi asubuhi,
kisha nalo nikalifuta.
Nikaweka: kitasa cha akiba, ndani ya gari, siku zote.
Nikaweka jina la Ifor na namba yake,
na jina la atakayeshika simu Ifor akiugua.
Palipoandikwa "haraka" nikaweka dakika,
lakini kwanza nikamwamsha, saa saba usiku:
"Karakana hadi shule ya mlimani, kukiwa na theluji?"
"Thelathini na tano, shangazi. Sasa lala."
Nikaandika arobaini na tano.
Ahadi nayo inahitaji breki.

Maneno mia tano na kumi na tisa.
Kuzidi ni mwiko.
Kumi na manne yalitoka bila kelele.
Matano ya mwisho yalikuwa
kama alivyofanya marehemu baba yangu.
Baba alipata kazi kwa kupeana mikono,
akala kwenye kantini zilezile alizozifungia majiko,
na kama chakula kilikuwa kibichi, alijua kwa nini.
Nikakaa naye kidogo.
Nikamtoa. Sentensi ikajifunga
kana kwamba hakuwahi kukaa pale.

Mwisho ulikuwa saa sita mchana.
Saa tano na dakika hamsini na mbili nikabonyeza.
Nikapewa namba, tarakimu kumi na moja, bila asante.

Tulishinda kwa alama tatu.
Septemba Ifor akaisukuma oveni mpya hadi ndani,
ovaroli sasa ina grisi, nashukuru.
Eluned akaufungua mlango, akaufunga,
akaufungua, akaufunga,
kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili.
Kisha akabaki na mwiko mkononi, hajui auweke wapi.
Ubavuni una kovu la mpini.
Akauosha, akauzamisha kwenye kastadi.

Ilitoka na mabonge siku hiyo.
Mkono ulikuwa umezoea kijiko.
Mtoto mmoja alirudisha bakuli.